Bi Kitambaa na Weupe wa Majani ya Kabichi

Ukurasa huu wa jarida letu la wafanyakazi umekaa kimya kwa matoleo kadhaa, na wasomaji wanastahili kuombwa radhi. Hatukuwa tumelala. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilikuwa tayari tangu mvua za mwisho, lakini mwenyewe aliomba isubiri, kisha akaomba tena, na katika kituo hiki hakuna aliyewahi kumkatalia ombi la mara ya pili. Sasa ametoa ruhusa kwa sharti moja: yaandikwe yote, pamoja na habari ya kabichi zilizooshwa kwa sabuni. Sharti tumelikubali, na msomaji atalikuta mahali pake.

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita, msimamizi wa bustani ya mboga ya kituo chetu cha miche anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Jina lake kamili limo katika hati za ofisi. Sisi wengine tunamwita Bi Kitambaa, na hata Mkurugenzi, akijisahau, humwita hivyo mbele ya wageni.

Jina hilo limetokana na kitambaa cheusi, ukubwa wa leso, ambacho hukaa kiunoni mwake kama funguo zinavyokaa kiunoni mwa mlinzi. Si pambo. Mtu akileta jani la kabichi lenye weupe, Bi Kitambaa hatamki neno mpaka amelifuta jani kwa kitambaa hicho, akaligeuza na kulifuta upande wa chini, kisha akakipeleka kitambaa kwenye mwanga. Juu ya nguo nyeusi, weupe hauna pa kujificha.

Alikuja kituoni kama kibarua wa kubeba maji. Siku hizo kituo kilikuwa na kioo kimoja tu cha kukuzia vitu, nacho kilifungiwa katika mtoto wa meza ya bwana shamba, ambaye alikuwa mtu wa safari na aliyesafiri na ufunguo. Wakulima walifika na majani yao yaliyofungwa katika magazeti, wakangoja, majani yakanyauka, wakarudi makwao. Kibarua wa maji aliona haya kwa niaba ya kituo. Akachana kipande cha bitana kutoka koti kuukuu la marehemu baba yake, akaanza kufuta na kutazama. Bwana shamba aliporudi alimkuta na mpango wake wa kitambaa na majani, akauliza maswali mengi, na badala ya kukasirika akampa ufunguo wa pili. Tangu siku hiyo wakafanya kazi kwa utaratibu ambao bado ni wa kituo hiki: kitambaa kwanza, kioo baadaye, dawa mwisho, na mara nyingi dawa isihitajike kabisa.

Ni vyema wasomaji wa idara nyingine, hasa wale wa uhasibu wanaodhani kabichi huota sokoni, waelezwe weupe huo ni nini. Weupe wa kwanza ni nta. Kabichi yenye afya hujipaka nta nyepesi inayofanana na unga, na nta hiyo ndiyo ngozi yake: huzuia jua lisiunguze jani na huyafanya maji yateleze na kudondoka. Weupe wa pili ni wa ukungu, nao ukifutwa leo hurudi baada ya siku chache, mara nyingi pamoja na madoa ya manjano. Weupe wa tatu ni wa vidukari, wadudu wadogo waliojivika vumbi la kijivu, ambao hukaa chini ya jani kwa sababu wanajua watu wengi ni wavivu wa kuinama. Na weupe wa nne si wa kabichi wala wa mdudu. Ni wa binadamu: chokaa ya maji, mabaki ya dawa, majivu ya jikoni.

Kwa Bi Kitambaa, kosa kubwa kuliko yote ni kutibu weupe wa kwanza. Mkulima mmoja alifika asubuhi na bomba la dawa mgongoni, dawa imeshachanganywa, akitaka kuambiwa tu anyunyize kiasi gani. Bi Kitambaa alifuta jani lake juu na chini, akatazama, akamwambia akamwage dawa ile mbali na kisima. Alimweleza kwamba kabichi yake imejipaka mafuta, na mtu aliyejipaka mafuta hapelekwi hospitali. Mkulima aliondoka akinung'unika. Wakati wa mavuno alirudi na kabichi kubwa kama kiti cha mtoto, akaiweka juu ya meza ya ofisi bila kueleza, na hakuna aliyehitaji maelezo.

Mara nyingine jiko la shule moja lilirudisha shehena nzima ya kabichi zetu. Mpishi mkuu aliona majani yametapakaa weupe na akakataa kulisha watoto sumu. Bi Kitambaa hakubishana naye. Alimsifu kwa ukali wake, akasema laiti wapishi wote wangekuwa hivyo, kisha akafuta jani, akaonja ncha ya kitambaa mbele yake na kutambua chokaa. Kisima kipya kilikuwa na maji magumu, nasi tulikuwa tukimwagilia kutoka juu wakati wa jua kali. Maji yalikauka, chokaa ikabaki. Tiba ilikuwa kumwagilia mashinani, asubuhi mapema. Mpishi yule amekuwa rafiki yake hata leo, ingawa kila kabichi inayoingia jikoni kwake bado huiosha kama anayemwogesha mgonjwa.

Hatuwezi kuandika habari zake tukamwacha fundi wa pampu, ambaye sote tunamwita Mota. Hao wawili ni watani wa miaka mingi. Mota hudai kwamba Bi Kitambaa akikaribishwa chai hufuta kikombe kwanza, akakisoma kitambaa, ndipo anywe. Bi Kitambaa hujibu kwamba kikombe cha Mota hakihitaji kufutwa, kwani ugonjwa wake unaonekana kutoka mlangoni. Pampu ikizimika katikati ya umwagiliaji, Bi Kitambaa humtumia salamu kwamba wafiwa wanamsubiri. Naye Mota hufika na spana begani, akimpa pole ya msiba. Wageni huwadhania maadui. Lakini mwaka Bi Kitambaa alipofiwa na mumewe, Mota ndiye aliyefungua na kufunga mabomba ya bustani yote, asubuhi na jioni, mpaka mwenzake aliporudi kazini, na hajapata kulitaja jambo hilo.

Binti wa pekee wa Bi Kitambaa alikulia hapa hapa. Alipokuwa mchanga alilazwa katika kreti ya miche, iliyotandikwa kanga, kivulini mwa banda. Leo ni mshonaji mwenye duka lake, mitaa miwili kutoka lango letu. Kutoka kwake tumejua kwamba masharti ya bustani yalikuwa pia masharti ya nyumbani. Mtoto akisema anaumwa, mama aliuliza wapi, tangu lini, na je, pakiguswa panaumaje. Na sharti kuu, ambalo vibarua wote wa kituo hiki wamelikariri, binti alilijua kabla ya kujua kusoma: ugonjwa usioujua usiutibu, ukishaujua usiufuge.

Sasa tufike kwenye kabichi za sabuni.

Katika mvua zilizopita, Bi Kitambaa alisimama kwenye mstari wa kabichi ulio karibu na kisima akasema zimeingiwa na weupe. Alifuta jani, akatazama kitambaa, akafuta jingine. Akaagiza mstari wote uoshwe kwa maji ya sabuni laini, juu na chini, kama afanyavyo kwa vidukari. Vibarua wawili waliokuwa zamu walitazama majani. Hawakuona kitu isipokuwa ile nta ya kawaida. Kila mmoja akadhani mwenzake ameona, na wote wawili wakadhani kwamba mtu aliyeyasoma majani tangu kabla hawajaoa hawezi kukosea. Wakaosha.

Kesho yake Bi Kitambaa aliona weupe uko pale pale. Akawauliza kama nao wanauona. Hapo ndipo heshima ilipopotoka. Mmoja alijibu kwamba anauona, ila umepungua kidogo. Wa pili, asije akaonekana hana macho, akaongeza kwamba umebaki zaidi upande wa mashariki. Zikaoshwa tena. Siku zilizofuata zikaoshwa tena na tena. Msimamizi msaidizi, mama makini ambaye sasa ndiye anayerithi nafasi yake, alipita akashangaa, akafungua kinywa, akakifunga. Ametuambia mwenyewe kwamba alihofia kumfedhehesha mkubwa wake katika msimu wake wa mwisho. Kwa hiyo bustani nzima ikawa inamheshimu Bi Kitambaa kwa gharama ya kabichi.

Kabichi nazo hazina adabu ya namna hiyo. Sabuni iliondoa nta yote. Majani yaliyokuwa yakirudisha maji kama bata yakaanza kulowa, kingo zikaungua kwa jua, na kwenye majani ya chini ukaingia ukungu wa kweli, kana kwamba ulikuwa umesubiri kuitwa.

Mota alikuwa mbali kwa muda wote huo, akitengeneza pampu ya kituo kidogo kilichoko ng'ambo. Aliporudi, alitembea mstari wa kisima mpaka mwisho, akarudi, akamtazama mwenzake akiinamia jani na kulisogeza karibu na uso kuliko ilivyo desturi yake. Hakufanya utani. Adhuhuri alimwomba kitambaa, akisema kina grisi ya mlango wa banda. Akakifua, akakisuuza mara kadhaa, akakianika juu ya waya nyuma ya nyumba ya pampu, na kilipokauka akamrudishia mkononi, wakiwa wawili tu.

Bi Kitambaa alikitandaza kwenye mwanga kwa mazoea. Akakitazama sana.

"Mota, hiki umefutia nini?"

"Sijafutia kitu, dada. Nimekifua tu kikakauka."

Alikigeuza upande wa pili. Akapitisha kidole gumba juu yake polepole, kutoka pindo hadi pindo, na kidole hakikukuta unga, wala chokaa, wala mdudu. Akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili. Mota anasema pampu ilikuwa inanguruma, lakini yeye hakuisikia.

"Basi weupe ni wangu," alisema Bi Kitambaa.

Alikikunja kitambaa, akakichomeka kiunoni, akatoka kuwaita vibarua. Walifika wakiwa tayari kufukuzwa kazi. Hakuwakaripia kwa kuosha, kwa sababu aliyeagiza ni yeye. Aliwakaripia kwa kuona kisichokuwapo. Aliwaambia kwamba wameosha kabichi kwa ugonjwa wa jicho, na kwamba mtu anayemwambia mgonjwa kuwa weupe umepungua kidogo ni hatari kuliko ukungu. Yule aliyesema habari za upande wa mashariki alianza kulia. Bi Kitambaa akampa kisu, akamwambia machozi yana chumvi, yasidondokee majani.

Wakatibu mstari ule pamoja. Majani yenye ukungu yalikatwa na kufukiwa mbali. Sabuni ilipigwa marufuku. Maji yakaelekezwa mashinani, na magugu yakaondolewa ili upepo upite. Kisha wakasubiri, kwani nta haipakwi na mtu. Jani jipya hujitengenezea lenyewe. Msimamizi msaidizi alikuja jioni ile kumwomba radhi kwa kunyamaza. Alijibiwa kwamba radhi hiyo atailipa kwa kusema, kuanzia kesho yake, na kwamba akimwona msimamizi yeyote akikosea, hata kama msimamizi huyo ni yeye mwenyewe, asifunge kinywa. Hilo tunaliandika hapa kwa sababu ndilo somo la mwisho alilofundisha kazini, na ndilo alilotaka lisiachwe.

Binti alimpeleka hospitali ya macho wiki ile ile. Daktari alieleza bila kuzungukazunguka: ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa zaidi. Hutibika kwa upasuaji. Kuchelewa hakusaidii.

Wasomaji watadhani habari iliishia hapo. Haikuishia. Mwanamke huyu ambaye maisha yake yote amewahimiza wengine wasifuge ugonjwa wanaoujua, alirudi nyumbani akasema atafikiri. Marehemu mama yake naye alipata weupe wa macho, akapasuliwa, na hakuona tena. Ndugu wamesema daima kwamba kisu ndicho kilichomponza. Binti aliuliza zaidi kwa shangazi zake, akaambiwa kwamba bibi yake alifichwa nyumbani miaka mingi, na alipofikishwa hospitali jicho lilikuwa limeshaharibika ndani. Akamletea mama yake habari hiyo. Akamkumbusha na lile sharti la bustani, neno kwa neno.

Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jicho si kabichi, mwanangu," alimjibu. "Kabichi ikiharibika, napanda nyingine."

 Binti alichukua sindano ambayo mama yake alikuwa ameishika muda mrefu bila kuitia uzi, akaitia yeye, akamrudishia. Wakashona wote wawili, kila mmoja pindo lake, mpaka giza lilipoingia.

Hatuandiki haya ili kumshinikiza. Wasifu si sala ya maiti. Mstaafu wetu yu hai, anasomewa ukurasa huu na binti yake, na ana haki ya kukasirika. Ni macho yake. Hofu yake haikutoka hewani, bali katika nyumba ambamo alimwongoza mama yake kwa mkono kutoka kitandani hadi mlangoni. Tunachoweza kusema ni kile tulichokiona.

Tumeona kwamba tangu siku ya kitambaa hajaacha kwenda kwenye mstari wa kisima. Huenda asubuhi, huinama, na kuyagusa majani machanga ya katikati. Jani lenye nta mpya huteleza chini ya kidole kama sabuni kavu; jani lililovuliwa nta hukwama. Mwanzoni alikuwa akitikisa kichwa. Kisha akaacha kutikisa. Alimwambia Mota kwamba kabichi zile zikifunga vichwa, atajua la kufanya. Kwa kanuni za kilimo, kichwa cha kabichi na jicho la mtu havina uhusiano wowote. Tulitafakari kama tumwambie. Safari hii tulinyamaza, na hatuoni aibu.

Wiki iliyopita alimkabidhi msimamizi mpya bustani. Walitembea mistari yote, wa kwanza hadi wa mwisho, mmoja akiona na mwingine akigusa. Kwenye mstari wa kisima msimamizi mpya alisema waziwazi, kama alivyofundishwa, kwamba vichwa vinafunga, isipokuwa viwili ambavyo anavitilia shaka. Bi Kitambaa alishika kimoja baada ya kingine, akavibonyeza kama mtu anayepima mto wa kulalia. Akasema ni kweli, vinafunga. Akasema pia ni kweli kuhusu vile viwili.

Wenzake walikusudia kumpa zawadi ya saa ya ukutani. Binti alituzuia kwa upole, akatushonea yeye kitambaa kipya cheusi, pindo lake limepigwa kwa uzi mwekundu mnene ili lishikike hata bila kuonekana. Kile cha zamani, kile cha koti la baba yake, Bi Kitambaa hakumrithisha mtu. Amekichukua nyumbani na kukitundika ukutani mbele ya kitanda chake. Anasema kila akiamka hukitazama, apime weupe umefika wapi. Mota amemwambia hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya ustaafu ambayo haina likizo. Bi Kitambaa amemjibu kwamba pampu yake inamlilia, aende.

Kwa niaba ya Mkurugenzi, wafanyakazi wote, wakulima waliofika hapa na majani katika magazeti, na mpishi mkuu wa shule ambaye ametutuma tuandike salamu zake kwa herufi zinazoonekana, tunakushukuru, Bi Kitambaa. Umetufundisha kugusa kabla ya kusema, na kusema baada ya kugusa. Vibarua wako wawili wanaomba tuongeze kwamba hawaoni tena kisichokuwapo. Tunakuombea asubuhi zenye umande, chai isiyohitaji kufutiwa kikombe, na maisha mema katika nyumba yako, karibu na binti yako.

Daktari amekutengea nafasi, nawe umesema utajibu kabichi za kisima zitakapovunwa. Tutasubiri. Siku utakapoamua, lolote utakaloamua, ukurasa huu utaliandika katika toleo litakalofuata. Mchapaji tumeshamwelekeza: ukiamua kungoja, tutaandika kwa herufi kubwa, ukienda ukarudi salama, tutaandika kwa herufi hizi hizi ndogo, ili usome mwenyewe.